Sirimon hadi Chogoria, Mlima Kenya: siku tano zinatosha? Na usiku wa ziada uwekwe wapi?

Mtembea_Mabonde (Dar es Salaam)

Habari wakuu. Tuko sita, tunataka kuuvuka Mlima Kenya wiki ya mwisho ya Januari: tuingilie lango la Sirimon, tupite bonde la Mackinder, tufike kilele cha Lenana alfajiri, kisha tushukie bonde la Gorges hadi Chogoria. Tunakwenda na kampuni, yaani kiongozi, mpishi na wapagazi. Umri wetu ni kati ya miaka 27 na 58. Uluguru na Usambara tunazijua vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kulala juu ya mita 3,000.

Ratiba tuliyoletewa ni hii:

Siku ya 1: Nanyuki, lango la Sirimon (mita 2,650), kulala kambi ya Old Moses (3,300).
Siku ya 2: Old Moses hadi kambi ya Shipton's (4,236).
Siku ya 3: kuondoka saa tisa usiku, Lenana (4,985), kushuka na kulala Hall Tarns (karibu 4,300).
Siku ya 4: Hall Tarns hadi mabanda ya Meru karibu na lango la Chogoria (karibu 3,000).
Siku ya 5: gari hadi Chogoria mjini, kisha Nairobi.

Wanasema siku tano ni nyingi kwa sababu kuna wanaomaliza kwa nne. Naomba ushauri wa wanaoujua mlima huu:

1. Ratiba hii ina usalama?
2. Mmoja wetu ana mzio wa Septrin (dawa ya kuua bakteria), na tumesikia Diamox, ile ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, ni dawa ya jamii hiyo hiyo. Yule wa miaka 58 ana presha na anatumia dawa kila siku.
3. Kwenye mkataba tudai nini kiandikwe?
4. Vifaa gani tukodi na vipi tununue?

---

Kirima_Kaskazini (Nanyuki)

Karibu Kenya, ndugu. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo kubwa.

Hesabu usiku, usihesabu siku. Hiyo ratiba ina siku tano, lakini kabla ya kilele mnalala mara mbili tu: 3,300 na 4,236. Ni sawasawa kabisa na ratiba ya siku nne. Usiku waliouongeza wameuweka Hall Tarns, baada ya Lenana, mahali ambapo mwili hauuhitaji tena. Mnalipia siku ambayo haiwasaidii kufika wala kuwa salama.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, pahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku wa pili. Old Moses hadi Shipton's ni mita 936, karibu mara mbili ya hiyo. Kwa nini basi kila mtu anafanya hivyo? Kwa sababu kati ya hizo kambi mbili hakuna nyumba ya maana ya kulala. Liki North (3,993) ina kibanda kidogo kilichochakaa, na kampuni nyingi hazipendi kupandisha mahema upande wa Sirimon kwa kuwa hema ni mzigo na mzigo ni wapagazi. Ni hesabu ya fedha, haihusu mapafu ya mteja.

Mkishikilia kupandia Sirimon, ombeni siku sita zenye mpangilio huu. Siku ya kwanza mtembee kwa miguu kutoka langoni hadi Old Moses, kilomita 9, saa tatu hadi nne. Gari linafika hadi kambini na mtashawishiwa mpande. Msipande, hiyo ndiyo siku ya mwili kuanza kupata habari. Siku ya pili pandeni bila mizigo hadi kama mita 3,700, kaeni huko nusu saa au zaidi, mrudi kulala palepale Old Moses. Siku ya tatu Shipton's, kilomita 14, saa sita hadi nane. Siku ya nne mnalala tena Shipton's, na asubuhi yake mnapanda kuelekea Hausberg Col ("col" ni pengo kati ya vilele; mita 4,590) au mnaishia mahali paitwapo Kami (4,439) mkichoka. Siku ya tano Lenana na kushuka. Siku ya sita mnatoka.

Siku ya tatu ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu haionekani ngumu. Njia inavuka mto Ontulili, kisha Liki Kaskazini, halafu inapanda mgongo mmoja mrefu kabla ya kuingia bonde la Mackinder. Mtu akishaona vilele vya Batian na Nelion mbele yake anadhani amefika, anaongeza mwendo. Bado bonde lote liko mbele yenu. Anayefika Shipton's saa nane mchana huku anahema kama amekimbia ndiye yule ambaye saa tatu usiku kichwa kinampasuka. Kipimo rahisi: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda mbio.

Bonde lenyewe linastahili mwendo wa taratibu. Tazameni lobelia zilizo chini, zile zenye majani yaliyopangana kama kikombe. Ndani kuna maji. Mkipita mapema asubuhi gusa uso wa maji kwa kidole: juu ni kioo chembamba cha barafu, chini yake maji hayajaganda, na hayo ndiyo yanayokinga chipukizi la katikati lisife kwa baridi ya usiku.

---

Njia_ya_Mashariki (Chogoria)

Nakubaliana na Kirima kuhusu kuhesabu usiku. Sikubaliani na kupandia Sirimon. Igeuzeni safari: pandieni Chogoria, mshukie Sirimon. Siku ni zilezile sita, lakini mwinuko unapanda kwa ngazi mwili unazoweza kuzikubali:

Usiku wa 1: mabanda ya Meru, karibu 3,000.
Usiku wa 2: Ziwa Ellis, 3,455.
Usiku wa 3: Ziwa Michaelson, chini kidogo ya 4,000.
Usiku wa 4: Shipton's, 4,236, mkipitia Simba Col (4,620).
Usiku wa 5: Old Moses, baada ya Lenana.

Ona hatua zake: 450, kisha 500 na kitu, kisha chini ya 300. Na siku ya nne mnapanda hadi 4,620 halafu mnashuka kulala 4,236, yaani ile "panda juu, lala chini" inatokea yenyewe njiani, hamhitaji kutenga siku nzima kwa ajili yake.

Kuna faida ya pili ambayo watu hawaioni hadi wakiwa kwenye giza la saa kumi usiku. Mkivuka kutoka Sirimon, usiku wa kilele kambi inavunjwa. Wapagazi hawapiti Lenana na mizigo. Wanakatiza Simba Col na kuwasubiri Hall Tarns. Sasa mtu akishindwa katikati ya mpando, anarudi wapi? Shipton's hakuna hema lake, hakuna begi lake, hakuna mpishi. Kwa hiyo viongozi humsukuma aendelee, au wanamvusha Simba Col akiwa mgonjwa. Mkipandia Chogoria, usiku huo kambi inabaki imesimama Shipton's. Anayeshindwa anashuka saa moja, anaingia kwenye mfuko wake wa kulalia, anapewa chai. Wanaofika kileleni nao wanarudi hapohapo kula kabla ya kushuka Old Moses.

Siku ya tano ni ndefu, sifichi. Ni mita 750 za kupanda na karibu 1,700 za kushuka, saa kumi hadi kumi na mbili zikiwa pamoja na mapumziko. Lakini kushuka bonde la Mackinder si kukali, na upande wa Chogoria mngekuwa na siku ileile ndefu yenye changarawe zaidi.

Kuhusu kuona mazingira: bonde la Gorges likiwa mbele yako unapanda ukilitazama. Ukilishukia, limekaa mgongoni na macho yako yapo kwenye mawe unayokanyaga. Kutoka Ellis mnafuata njia ya maporomoko ya Vivienne kuingia bondeni hadi ziwani. Asubuhi ya siku ya nne mnapanda ukuta wa bonde, kama mita 300 za mwinuko mkali, mnatokea Hall Tarns penye viziwa. Hapo kuna genge linaloitwa The Temple: unasimama ukingoni na Ziwa Michaelson lote liko chini ya vidole vya buti zako, pale mlipolala. Upepo wa pale ni mkali, simameni mita mbili nyuma ya ukingo na mtu asipige picha huku anarudi kinyumenyume.

Ubaya wa Chogoria ni barabara. Kutoka mjini hadi langoni ni zaidi ya kilomita 20 za msitu na mianzi, na udongo wake ukilowa ni utelezi mtupu. Upande wa mashariki ndio unaopata mvua nyingi kuliko wa kaskazini. Januari na Februari kwa kawaida ni kukavu, kwa hiyo mmechagua vizuri. Lakini hata hivyo gari liwe la magurudumu yote manne kuvuta, na muondoke mjini asubuhi. Mkikwama siku ya kwanza mnapoteza nusu siku. Mkikwama siku ya mwisho mnakosa ndege ya kurudi Dar. Hiyo ni sababu nyingine ya kuianza safari huku.

Msikubali gari liwafikishe mwisho wa barabara (3,300) siku ya kwanza ili "kuokoa muda". Kutoka mabandani tembeeni. Na msituni msitangulie kiongozi: kuna nyati na tembo, na nyati aliyejilaza kwenye mianzi huwezi kumwona hadi uwe karibu mno.

---

Mtembea_Mabonde

Asanteni sana, wote wawili. Hilo la kambi kuvunjwa usiku wa kilele hatukuwa tumelifikiria kabisa. Swali kwa Njia_ya_Mashariki: Ziwa Michaelson liko ndani ya shimo. Mtu akizidiwa usiku wa tatu anatolewaje?

---

Njia_ya_Mashariki (Chogoria)

Swali la maana. Kwanza, uamuzi unafanyika Ellis, siyo Michaelson. Mtu akiamka Ellis na kichwa kinachouma ambacho paracetamol na lita moja ya maji havijakituliza, halali Michaelson usiku huo. Anabaki Ellis na kiongozi msaidizi siku nzima. Akipona anawafuata, asipopona anashuka.

Pili, akizidiwa mkiwa ziwani, asipandishwe ule ukuta kwenda Hall Tarns hata kidogo. Anarudi njia mliyojia, chini ya bonde, kuelekea mwisho wa barabara. Hapo ni zaidi ya mita 600 chini ya ziwa, na gari linafika. Simu bondeni msiitegemee. Kiongozi msaidizi anapanda ukingoni kutafuta mtandao huku wengine wakianza kushuka na mgonjwa. Kwa hiyo mwambieni dereva aliyewaleta abaki Chogoria mjini, si kurudi Nairobi, hadi mchana wa siku ya nne mtakapokuwa mmevuka Simba Col. Mkishavuka, njia ya dharura ni Sirimon: gari linakuja hadi Old Moses.

---

Muuguzi_wa_Nyanda

Nijibu la dawa na afya, na nitakwenda taratibu kidogo kwa sababu hapa makosa yanagharimu.

Diamox ni jina la kibiashara la acetazolamide. Kinga ni miligramu 125 kila baada ya saa 12. Vidonge vingi vya madukani ni vya 250, kwa hiyo ni nusu kidonge asubuhi na nusu jioni. Anza siku moja kabla ya kupanda, acha mkianza kushuka kutoka kilele. Inakojoza, inatia ganzi ya kuchoma vidoleni na midomoni, na soda inakosa ladha. Hayo hayana hatari. Usimeze ya jioni umechelewa, utakesha ukitoka hemani.

Kuhusu mzio wa Septrin: ni kweli zote zina sulfa, lakini aina ya kemikali si moja, na wengi wenye mzio mdogo wa Septrin wanaivumilia Diamox. Jambo la kujua ni mzio ulikuwa wa namna gani. Kama ilikuwa vipele vya kuwasha vikapita, daktari anaweza kumpa kidonge cha majaribio hospitali, wiki kadhaa kabla ya safari, siyo mlimani. Kama ngozi ilibabuka, midomo ikachubuka, au koo lilivimba akashindwa kupumua, asiiguse. Huyo anategemea ngazi za kulala peke yake, na ndiyo maana ratiba ya Chogoria inamfaa zaidi.

Mwenye presha: presha hupanda siku za mwanzo za mwinuko. Asiache dawa zake hata siku moja, na kabla ya safari presha iwe imetulia kwa wiki kadhaa. Kama mojawapo ya dawa zake ni ya kukojoza, daktari lazima ajue kabla hajaongezewa Diamox, kwa sababu mbili hizo pamoja zinakausha mwili na kushusha potasiamu.

Sasa jambo ambalo hamkuliuliza, na kwetu Afrika Mashariki ni la lazima: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Mwenye kubeba vinasaba tu (AS), ambaye maisha yake yote hana dalili, mara nyingi anapanda bila shida, lakini kwenye mwinuko bandama lake linaweza kukosa damu na kuanza kufa. Dalili ni maumivu makali ya ghafla juu upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Viongozi wengi watadhani ni tumbo la chakula. Pimeni wote sita kabla ya kulipa, ni kipimo rahisi cha damu. Akipatikana wa AS, azungumze na daktari kwanza, na akienda kiongozi ajue, na maumivu hayo yakitokea ashushwe mara moja.

Dalili za kuangalia kila jioni: kichwa, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Kichwa pamoja na kimoja cha hivyo vingine, hesabu ni ugonjwa wa mwinuko hadi uthibitike kuwa si wenyewe. Hapandi tena mpaka dalili ziishe. Mambo mawili hayasubiri asubuhi:

Kuyumba. Mchoreeni mstari wa mita tatu atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa mbele. Akishindwa, au akiongea mambo yasiyoeleweka, ubongo umevimba.

Kuhema akiwa amekaa, na kikohozi, hasa chenye povu. Mapafu yanajaa maji. Huyu asitembee mwenyewe kama anaweza kubebwa, kwa sababu juhudi inazidisha.

Wote wawili wanashuka hapohapo hata kama ni saa saba usiku na mvua inanyesha, angalau mita 1,000 au hadi dalili zipungue. Dexamethasone (miligramu 8 kwanza, kisha 4 kila saa sita) kwa ubongo na oksijeni kwa wote wawili zinasaidia mtu aweze kushuka. Si badala ya kushuka.

Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni: Shipton's kusoma asilimia 80 hadi 88 si ajabu. Kidole kikiwa cha baridi kinadanganya kwa kusoma chini, kwa hiyo pasha mkono kwapani dakika tano kwanza. Na mtu mwenye 86 anayetapika ni mgonjwa kuliko mwenye 79 anayekula vizuri. Mtazame mtu kabla ya kutazama namba.

---

Sufuria_na_Gesi

Naongeza la jikoni, kwa sababu watu wanadhoofika kwa njaa wakidhani ni mwinuko.

Kwenye mita 4,200 maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100. Maharage hayaivi kwa joto hilo hata uyachemshe mchana kutwa. Wali unabaki na kiini kigumu. Muulizeni mpishi kama anabeba sufuria ya presha. Kama hana, maharage na ndengu zichemshwe kabisa mjini, zipoe, zibebwe kwa ajili ya siku tatu za kwanza. Nyama iliyokatwa vipande vikubwa pia ni tatizo. Viazi vikatwe vidogo. Supu, chapati zilizopikwa mjini, uji, tambi nyembamba, mayai: hivyo vinakwenda vizuri. Kuanzia Michaelson mafuta mengi yanachefua, mwambieni apunguze kukaanga.

Gesi. Maji ya kunywa ya watu sita, lita tatu na zaidi kila mmoja, ni kama lita 20 kwa siku kutoka kijito cha baridi. Kuyachemsha hayo peke yake kunakula karibu theluthi moja hadi nusu ya kilo ya gesi. Ongeza chakula chenu na cha timu yenu, silinda moja ya kilo 6 haifiki Shipton's. Zinatakiwa mbili. Na usiku wa kilele, saa saba, gesi inakataa: moto unakuwa mdogo, wa njano, silinda ikiwa bado na uzito. Haijaisha. Butani haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi kali. Mpishi mzoefu anaisimamisha silinda kwenye karai la maji ya vuguvugu, vidole vitatu hivi, na baada ya dakika chache moto unarudi wa bluu. Asiye mzoefu anaisogeza karibu na moto. Mkiona hivyo, mkatazeni.

Maji yakichemka yaacheni yaendelee kuchemka dakika tatu, inatosha kuua vijidudu hata kwa nyuzi 86.

Shipton's kuna pimbi wasioogopa watu kabisa, wanaingia hemani kutafuta karanga na biskuti na wanatafuna begi kuzifikia. Vyakula vyote vilale hema la jikoni, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Msiwalishe.

---

Kirima_Kaskazini (Nanyuki)

Nimesoma hoja ya Njia_ya_Mashariki, na ile ya kambi kubaki imesimama ina nguvu. Kwa kundi ambalo halijawahi kulala juu ya 3,000 ningechukua hiyo yake. Sasa mkataba. Haya yaandikwe, yasiwe ya mdomo:

Viongozi wangapi. Kwa watu sita usiku wa kilele nataka watatu: mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja wa kumrudisha anayeshindwa. Wawili ni kiwango cha chini kabisa, na hapo wa pili kushindwa anawashusha wote. Kila mmoja awe na kibali cha kuongoza watu mlimani, na majina yao myapate kabla ya safari.

Mizigo. Begi lenu mnalompa mpagazi lisizidi kilo 12 kwa kila mteja, na mpagazi mzigo wake wote usizidi 18 pamoja na vyake mwenyewe. Uliza kama mizigo inapimwa langoni kwa mizani. Uliza pia wapagazi wanalala kwenye nini Ellis na Michaelson, kwa sababu huko hakuna banda la kuwahifadhi. Kama jibu ni "wanajua wenyewe", tafuteni kampuni nyingine. Mpagazi aliyelala kwenye baridi ya nyuzi sifuri bila hema ndiye anayetarajiwa kukubebea mgonjwa kesho yake.

Nauli ya kurudi. Safari ya kuvuka inaanza mji mmoja na kuishia mwingine. Wapagazi wa Chogoria wakimalizia Sirimon wana safari ya kuzunguka kupitia Meru kurudi kwao. Nani analipa? Lisipoandikwa, mtaulizwa ninyi langoni siku ya mwisho, au wao watakatwa kwenye ujira. Ulizeni ujira wa mpagazi kwa siku ni kiasi gani na unalipwa siku gani. Bahasha ya shukrani ni tofauti na ujira, mpeni kila mtu mkononi mwake, wote wakiwepo.

Ada za hifadhi. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawapokei fedha taslimu langoni, malipo ni ya mtandaoni. Ombeni risiti yenye idadi ya siku zenu zote sita na lango la kuingilia na la kutokea. Ikisoma siku tano, ya sita mtalipishwa wakati wa kutoka. Nyote mbebe pasipoti zenyewe, kwa sababu ada inategemea uraia.

Oksijeni. Chupa moja ya oksijeni na barakoa yake, na dexamethasone, zipande na kundi. Ziwe kwenye begi la kiongozi wa nyuma. Mpagazi anatangulia nazo, na zinapohitajika ziko saa mbili mbele yenu.

Bima isomeke wazi kuwa inahusu kutembea milima hadi mita 5,000 na kuokolewa kwa helikopta. Bima nyingi za kawaida za safari zinaishia 3,000 au 4,000, na helikopta haiondoki bila uthibitisho wa nani atalipa.

Halafu plastiki: chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu 2017. Msifungashe nguo kwa mifuko ya nailoni mkitokea Namanga.

---

Njia_ya_Mashariki (Chogoria)

Vifaa kwa ufupi. Nunueni vinavyogusa ngozi na miguu: buti, soksi za sufu, nguo za ndani zinazokauka haraka (si pamba). Buti zivaliwe angalau wiki sita kabla, na ziwe kubwa kiasi kwamba ukisukuma mguu mbele, kidole kimoja cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino. Zikibana, kushuka bonde la Mackinder kutawang'oa kucha.

Kodini vizito: mfuko wa kulalia wa nyuzi hasi 10, koti nene la kilele, fimbo mbili za kutembelea. Mfuko wa kulalia ufungueni mahali mnapokodi: zipu ifungike hadi juu, na ukiushika dhidi ya mwanga usione mabaka matupu.

Koti na suruali ya mvua hata kama ni Januari. Taa ya kichwani na betri za akiba, betri zilale ndani ya mfuko pamoja nawe. Chupa ya maji usiku wa kilele ibebwe kichwa chini, maji huganda kuanzia juu na mdomo wa chupa unabaki wazi. Ule mrija wa kunywea unaganda saa ya kwanza, uacheni. Mafuta ya kukinga jua ni kwa weusi pia, hasa midomo na ndani ya pua, kwa sababu hewa ni nyembamba na jua la Hall Tarns linaunguza bila kuhisi joto.

Sehemu ya mwisho kuelekea Lenana kutoka Harris Tarn ni mwamba, kuna vyuma vya kushika na ngazi fupi karibu na kilele. Alfajiri vyuma hivyo vina barafu. Glavu ziwe za vidole, zile za gunia hazishiki vizuri.

---

Mtembea_Mabonde

Nimewarudishia kampuni ratiba ya Chogoria hadi Sirimon, siku sita. Wamekubali, ila wanasema dereva kubaki Chogoria hadi siku ya nne ni gharama ya juu. Badala yake wanapendekeza gari moja tu lisubiri Sirimon kuanzia siku ya tano. Inatosha?

---

Njia_ya_Mashariki (Chogoria)

Haitoshi kwa usiku wa pili na wa tatu. Lakini si lazima dereva wenu akae. Chogoria mjini kuna magari ya kukodi ya magurudumu manne yanayofanya kazi ya lango kila wiki. Kampuni ifanye makubaliano na mwenye gari mmoja wa hapa: analipwa kidogo kwa kuwa tayari hadi saa sita mchana siku ya nne, na bei kamili akiitwa tu. Namba yake iwe kwa viongozi wote watatu, na kwako pia. Mpigie mwenyewe kutoka mabandani usiku wa kwanza, uhakikishe anajua tarehe.

---

Kirima_Kaskazini (Nanyuki)

Na lile la Sirimon lifike hadi Old Moses jioni ya siku ya tano. Lisibaki langoni. Kuna atakayekuwa na goti lililovimba asubuhi ya sita, na kilomita 9 za mwisho hazina ulazima kwake.